Siku Ambazo Mto Haukusomwa

Ujumbe wa Editha, binti wa mzee niliyefanya naye kazi zamani huko Muleba, ulinikuta ofisini nikisahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa pili. "Shikamoo mama. Baba ametutoka leo asubuhi. Mazishi Alhamisi, hapa nyumbani." Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kusahihisha mpaka karatasi ya mwisho. Zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Sikutoa chozi, sikukosea kujumlisha hata alama moja, na mwenzangu wa meza ya jirani aliponiuliza kama naenda kula nilimwambia naenda, nikaenda, nikala wali na maharage. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanisubiri nilie huko mbele. Ganzi hii ninayo tangu mwaka ule nilioishi Muleba, na nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: analijua lilipo, anatafunia upande wa pili. Jioni nilikata tiketi ya kwenda Bukoba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu na cheti kilichobandikwa picha yangu, na kichwa kilichojaa milinganyo. Sisi Wahaya tunataniwa kote nchini kwa kujifanya tunajua, na mimi sikuwaangusha wanaotutania. Mradi ulikuwa umepanga nyumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapo kwenye barabara iendayo Biharamulo. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa ofisi, cha nyuma nililala mimi. Ofisini kulikuwa na kompyuta mbili, ramani kubwa ya bonde la mto iliyobandikwa ukutani kwa misumari, na harufu ya saruji iliyopenya kutoka dukani hata kwenye chai. Umeme ulikatika kila ulipopenda. Tuliwasha jenereta, nayo ilipiga kelele hivi kwamba mimi na Mhandisi Lema, mkuu wangu, tulizoea kuongea kwa sauti za watu waliogombana. Lema alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mchapakazi, mnywaji wa chai ya tangawizi, na kila Jumatatu alininunulia maandazi kwa sababu aliamini mabinti wa siku hizi hawafungui kinywa asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia mambo kama angekuwa mbaya.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza modeli, yaani mto wa kuigiza ndani ya kompyuta. Unaiambia kompyuta mvua imenyesha kiasi gani, milima ina mteremko gani, wapi kuna migomba na mibuni, wapi ni rweya, zile nyasi tupu za juu zisizolimwa, na wapi ni vinamasi vya mafunjo. Nayo inakokotoa maji mangapi yatafika mtoni, yatafika lini, na yatabeba tope na uchafu kiasi gani. Kisha unalinganisha na mto wenyewe. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili: wa bluu ni mto wa kweli, mwekundu ni mto wetu. Mwekundu ukiufuata wa bluu, umefaulu, na modeli itaaminiwa kuonyesha mahali pa kujenga chanzo cha maji kwa vijiji vya bondeni. Ukiachana nao, umeshindwa. Kwa miezi saba mwekundu wangu ulikwenda kwake na wa bluu kwake. Nilibadilisha hiki, nikapunguza kile, nikaenda kulala nikiiona mistari ile kwenye dari. Wafadhili walikuwa waje Novemba, na kila asubuhi Lema aliingia na kikombe chake, akainama nyuma ya bega langu, akasema, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado."

Mstari wa bluu ulitoka kwenye daftari la mtu mmoja. Aliitwa Kalisti, nasi tulimwita Ta Kalisti, kama Wahaya tunavyomwita mwanamume wa umri wa baba. Kibanja chake, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, kilishuka mpaka karibu na daraja la miti, na pale darajani palikuwa na ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa majini. Kila asubuhi na kila jioni alishuka, akatazama maji yamefika alama ipi na yana tope kiasi gani, akaandika. Kila mwisho wa mwezi alileta kurasa ofisini kwa baiskeli, amevaa koti hata jua likiwaka, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na kitu, tangu kabla ya mradi wetu, kwa posho ndogo. Mwandiko wake ulikuwa wa shule za misheni, umelala upande mmoja, hauna hata herufi moja iliyotoka nje ya mstari. "Mwana wange," aliniambia siku ya kwanza, akiniita mwanawe kwa Kihaya, "hiyo mashine yako inaujua mto ambao haijawahi kuuona?" Nilimweleza kwa dakika ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba amefurahi kwani hata padri wao alimhubiri Mungu ambaye hajawahi kumwona.

Mwezi wa nane wa kazi ndipo nilipoliona kosa. Palikuwa na siku kipimamvua cha shule ya jirani kilijaa, mvua ya kung'oa migomba, na modeli yangu ikapandisha mto kama ilivyotakiwa. Lakini mstari wa bluu ulikuwa umenyooka kabisa: themanini na nne asubuhi, themanini na nne jioni, siku nne mfululizo. Nikarudi nyuma kwenye madaftari. Nilikuta mahali pengine, na pengine, miaka yote, siku nne za tarakimu ileile, mahali pamoja siku nane. Hakuna mto unaotulia hivyo. Nilifurahi, na siifichi furaha ile, kwani ilikuwa ya mwisho kuikumbuka vizuri katika mwaka ule. Nilimwita Lema, nikamwonyesha kwa kidole. "Namba zimepikwa," nilisema. Lema aliweka kikombe chini. "Mzee anakaa kilabuni, halafu anajaza," alisema. "Litoe daftari lote. Tumia kile kifaa cha umeme kinachopima maji kwenye daraja la juu." Kifaa hicho kilikuwa na rekodi ya miezi michache tu, tena ya kiangazi, lakini nilipoingiza rekodi yake peke yake, mistari miwili ililaliana vizuri mpaka Lema akapiga makofi. Siku ileile aliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba mkutano wa hadhara. Alitaka mzee aondolewe mbele ya watu, ili wasomaji wa mito mingine wapate somo.

Siku mbili kabla ya mkutano nilimwambia Lema naenda kuchukua sampuli za maji, nikaenda kwa Ta Kalisti. Sijui nilitafuta nini. Nadhani nilitaka akiri, ili nilale. Alinikaribisha sebuleni, chumba chenye sakafu iliyotandikwa nyasi safi, picha ya Bikira Maria, na viti vinne vilivyofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono. Mke wake, Ma Leokadia, alipiga magoti kunisalimu kabla sijamwahi, akaniletea kikapu kidogo chenye punje za kahawa za kutafuna. Nilitafuna. Nikafungua daftari kwenye ule ukurasa, nikauliza kwa sauti ya ofisi, "Ta Kalisti, hapa mto ulikaa themanini na nne siku nne, na mvua ilinyesha. Ilikuwaje?"

Alilivuta daftari, akalipeleka mbali na macho yake. Akatazama tarehe. "Huyu ni Yustina," alisema.

"Yustina gani?"

"Dada yangu. Tulimzika pale, nyuma ya mibuni." Akafunua kurasa nyuma. Aliweka kidole kwenye siku nyingine nne. "Huyu ni jirani yetu, fundi seremala, aliyetengeneza hivyo viti." Akafunua tena. "Huyu ni shemeji." Kidole kilikwenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, kila mahali nilipopiga duara kwa kalamu nyekundu akitaja jina. Alipofika kwenye siku nane aliweka kiganja chote juu ya ukurasa. "Hawa ni watoto. Alikwenda mkubwa, hatujaanua tanga akamfuata mdogo wake."

Nilimuuliza kwa nini hakushuka mtoni, ni hatua mia mbili tu. Alinitazama kama anayejiuliza nimekulia wapi. "Kwenye msiba jembe halishikwi, si unajua? Siku nne tunakaa chini kwenye nyasi. Na mimi kusoma mto ndiyo kazi inayonilipa. Niinuke kwenye nyasi nikafanye kazi, marehemu atanielewaje?"

"Basi ungeacha wazi."

"Yule bwana wa kwanza aliyenifundisha alisema, Kalisti, nikikuta nafasi tupu nitajua ulikuwa unakunywa rubisi kilabuni. Sasa niandike nini, mwana wange? Mto sikuuona. Nikaandika nilichokiona mara ya mwisho." Alifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. "Siku nyingine zote nilishuka. Hata yenye homa nilishuka."

Mtu wa kutoka mbali angesamehewa. Mimi nimekulia Kashozi, Uhayani humohumo. Nilikaa kwenye nyasi za misiba mingi kabla sijajua kuzidisha, na nilijua tangu utotoni kwamba ukiamka asubuhi usisikie jembe lolote, usiulize, kuna mtu amekufa. Miaka ile katika vijiji vyetu majembe yalinyamaza mara nyingi mno. Kompyuta ilinionyesha kimya kile kwa mstari wa bluu, na mimi, mtoto wa mahali pale, nikakiita ulevi. Nilikaa pale kitini nikingoja nione uchungu, au haya. Hakuna kilichokuja. Kulikuwa na mahali kifuani palipokufa ganzi, kama mguu uliokaliwa, na nikajiambia ganzi ile ni uchovu. Nilimwambia Ta Kalisti kwamba kutakuwa na mkutano, kwamba atashutumiwa, na kwamba nimeelewa. Nilisema neno hilo: nimeelewa. Yeye aliitikia kwa kichwa, akaniomba nisiondoke bila kula.

Ma Leokadia aliepua ndizi zilizopikwa na maharage ndani ya majani ya mgomba, mvuke ukajaa mlangoni. Jikoni palikuwa hatua chache tu, na nilimsikia akimwambia kwa Kihaya Editha, binti yao wa mwisho, wakati huo ana miaka kama tisa: "Mpelekee hiki cha katikati, kilichoiva vizuri. Huyu ndiye atakayemsemea baba yako." Editha aliniletea sahani kwa mikono miwili, akasimama akiniangalia ninavyokula. Kilikuwa chakula kitamu. Nilikimaliza chote.

Usiku wa kuamkia mkutano nilirudisha daftari ndani ya kompyuta. Siku za misiba niliziacha wazi, kama nilivyomwambia yeye angefanya, na siku nyingine zote nikaziamini. Mistari iliachana tena. Kosa halikuwa kwenye misiba. Siku za kawaida, zile alizoshuka na homa, zilionyesha mto unaopanda haraka na kuchafuka kuliko nilivyoufundisha mto wangu, kwa sababu watu walikuwa wamelima kinamasi cha juu na ramani yangu ukutani bado ilikuwa na mafunjo. Jibu lilikuwa mbele yangu. Kulifuata kungetaka miezi mingine mitatu, na wafadhili wangekuja baada ya wiki mbili. Nililitoa daftari kwa mara ya pili, mistari ikalaliana, nikazima kompyuta.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake nyuma kwenye nyasi, Ta Kalisti mbele peke yake kwenye kiti, na koti lake. Lema alizungumza vizuri, bila matusi, akaonyesha karatasi zenye duara zangu nyekundu. Mzee mmoja alisema Kalisti anajulikana, si mtu wa kudanganya. Ndipo Lema akanigeukia. "Huyu ni mtoto wenu wa hapahapa, na ndiye mtaalamu. Dativa, hizi namba zinafaa au hazifai?" Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na jina la Yustina mdomoni, na la seremala. Nilisimama, nikatazama mbuzi aliyefungwa kwenye mlingoti wa bendera, nikasema, "Hazikubaliani na modeli." Nikakaa. Hakuna neno la uongo ndani ya sentensi ile, na ndiyo sentensi ya uongo kuliko zote nilizopata kusema. Niliogopa. Msomaji atafikiri nilimwogopa Lema. Hapana, Lema angekasirika siku mbili akanunua maandazi. Niliogopa kuwa binti aliyetumwa chuo kikuu akarudi na mto usiofanya kazi.

Ta Kalisti alisimama taratibu. Hakutaja msiba hata mmoja. Nadhani aliona kwamba wafu wake si wa kutolewa ushahidi mbele ya mgeni mwenye karatasi. "Kama mtoto wetu amesema hivyo, basi," alisema, akanitazama kidogo, akashukuru kwa miaka aliyopewa kazi, akaenda zake. Utani ulianza wiki ileile, maana watu wetu hawalazi utani. Vijana walimwona akipita na baiskeli wakamuuliza, "Ta Kalisti, mto leo uko ngapi?" Wenyewe wakajibu, "Kama jana!" Nilimsikia mwuza sukari wa sokoni Muleba akiusimulia kwa wateja, nami nikasimama hapo na mfuko wangu, nikalipa, nikaondoka. Wafadhili walikuja, wakasifu mistari miwili. Chanzo cha maji kilijengwa mahali modeli yangu iliposema, na baada ya misimu miwili ya masika kilijaa tope, kikaachwa. Hakuna aliyeulizwa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya kusoma zaidi, kwa kazi ileile.

Alhamisi nilifika msibani saa nne asubuhi. Nyasi zilikuwa zimetandazwa mpaka chini ya migomba, na watu wamekaa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilikaa miongoni mwa wanawake, nikaimba walipoimba. Tangu mwaka ule nilikuwa nimerudi pale mara mbili tu, na mara zote mbili Ta Kalisti alinipokea kwa punje za kahawa, akaniuliza habari za mito mingine, hakugusa habari ya mto wake. Nami sikuigusa. Editha sasa ni mwalimu, mama wa watoto watatu, na ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alitaja kuzaliwa kwake, kipaimara, ndoa. Akafika kwenye mto. "Baba aliusoma mto huu kwa miaka mingi, kisha akasingiziwa kwamba ni mwongo," alisema. "Lakini alituambia tusimchukie mtu, kwa sababu siku ile ya mkutano alikuwepo binti mmoja wa ofisi, ambaye aliinuka mbele ya mkubwa wake akasema mzee huyu ni mkweli, wakamnyamazisha. Baba alisema, mtu mmoja akikushuhudia inatosha. Binti huyo ni mama Dativa, na leo amesafiri kuja kumzika. Tunaomba asimame tumwone."

Nilisimama. Watu, wengi wao vijana wasioukumbuka mkutano ule, wakasema kasinge, asante yetu ya Kihaya, kwa sauti ya chini kama inavyofaa msibani, mmoja baada ya mwingine mpaka nyuma kabisa. Mtu niliyemwachia jina la mwongo alikuwa amewadanganya watoto wake kwa ajili yangu, kwa miaka yote, na akaifanya kazi hiyo vizuri. Kipaza sauti kilikuwa mita moja kutoka mkononi mwangu. Nilisema, "Asanteni," nikakaa.

Baada ya kaburi kufunikwa niliingia ndani. Ma Leokadia alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, kitambaa kimefungwa kiunoni, macho makavu kama yangu. Nilipiga magoti mbele yake kabla mtu mwingine hajaja, nikasema haraka, kwa Kihaya, kama mtoto anayesema dhambi zake: kwamba si kweli, sikumsemea, nilisema namba hazikubaliani nikakaa, na sasa nitatoka nje niwaambie watoto.

Alinishika mkono asiniache niinuke. "Nilikuwepo mkutanoni, mwana wange," alisema. "Nilikaa nyuma, na wanawake. Nilikusikia." Akatazama mlangoni, ambako Editha alikuwa akigawa maji kwa wageni. "Waache watoto na huyo binti waliyepewa na baba yao. Wewe uliyekuja, kaa hapa na mimi."

Nikakaa.